Divai ya Kumwaga

Kilosa ikinyesha ni tope, isiponyesha ni vumbi, na ukitaka mahali ambapo tope na vumbi havijali cheo cha mtu, nenda Mabwerebwere kwenye benchi la Kondo. Benchi lenyewe ni taruma la reli lililolazwa juu ya mawe mawili. Lilitokaje relini usiulize, maana waliolibeba ndio hao hao wanaolikalia. Mbele yake ipo nguzo ya simu, na chini ya nguzo pana doa jeusi, kwa sababu kila jioni akimaliza kuuza kahawa Kondo humwaga hapo machicha ya birika lake. Mwaka ni ule wa Operesheni, malori yanabeba watu kwenda vijiji vipya, na sukari imeadimika hata kashata za Kondo zimebaki historia. Siku hiyo benchi lilikuwa na watu watatu. Wa kwanza Yeremia, aitwaye Redio, kwa kuwa hatembei bila redio yake ya mkulima iliyovishwa kitambaa, na ambalo redio haikulisema yeye hulisema. Wa pili Onesphory, balozi wa nyumba kumi, aitwaye Azimio, kwa kuwa hawezi kuomba chumvi bila kuutaja ubepari. Wa tatu ni Mzee Melkizedek, ambaye benchi zima humwita Mzee Kaunta.

Jina hilo alilipata zamani, enzi alipokuwa akisimama nyuma ya kaunta ya klabu ya Wazungu wa mkonge. Klabu ilishafungwa, jengo likawa ghala la mbolea, kaunta ikapasuliwa kuni. Mzee Kaunta akabaki na jina. Wiki ile jina lake halisi lilisomwa miongoni mwa watu wasio na kazi wala shamba mjini: kesho asubuhi apande lori aende kijiji kipya huko Tindiga, akalime mpunga. Mtu wa milimani huyo, mtoto wa Ukaguru, mpunga aliujua ukiwa umeshapikwa.

Lakini si mpunga uliomkosesha usingizi. Mkewe, Generoza, alizikwa mwaka juzi kwenye makaburi ya hapo hapo Mabwerebwere. Mtoto hawakujaliwa. Kwa kawaida ya kwao kazi ya kumkumbuka marehemu huangukia watoto wa dada, na watoto wa dada yake Generoza walishatawanyika kwenye mashamba ya chai huko Mufindi, hata kaburi hawalijui. Kwa hiyo siku ile Mzee Kaunta alikuja benchini na jambo moja tu moyoni: apate mtu wa kumwagia Generoza kinywaji kaburini yeye akishaondoka. Kwapani alikuwa na chupa iliyofungwa kwa kipande cha khanga ya marehemu. Sasa neno kama hilo unalianzaje mbele ya Redio na Azimio, watu wanaoweza kucheka mpaka msibani? Aliona haya. Akaamua kuzunguka mbali.

MZEE KAUNTA: Sikilizeni, vijana. Ipo kazi ya mikono nataka niwaachie kabla sijaondoka.

REDIO: Ya useremala?

MZEE KAUNTA: Ya matini.

AZIMIO: Matini ndiyo nini, mzee? Dhehebu jipya?

MZEE KAUNTA: Kinywaji. Jini, na divai iliyolowekwa mitishamba. Wazungu wa mkonge hawakuanza jioni bila hicho.

KONDO: Astaghafirullah! Jini! Jina lenyewe tu linatosha mtu kukimbia, na wao wanalimeza.

Kondo ni mtu wa bondeni, swala tano hazimpiti, lakini kwa umbea hana mpinzani. Akasogeza kigoda chake karibu.

MZEE KAUNTA: Kondo, nipe kikombe kitupu. Na kingine cha maji. Na kahawa iliyopoa kidogo. Haya, maji haya ndiyo jini. Kahawa hii ndiyo divai. Barafu hatuna, mtaiwaza wenyewe.

REDIO: Nimeshaiwaza. Endelea.

Mikono ya mzee ikaanza kukumbuka. Alieleza kwamba jini huwekwa kwenye chombo chenye barafu na kukorogwa polepole kwa kijiko kirefu, bila kelele, mpaka chombo kitoe jasho kwa nje. Ukikoroga haraka barafu inayeyuka, mteja anakunywa maji. Glasi ina mguu mmoja mwembamba, unaishika mguuni, si tumboni, usije ukaipasha moto. Kabla ya kumimina jini unatia divai kidogo ndani ya glasi, unaizungusha ilowanishe kuta zote, halafu unaimwaga.

Na hapo akaizungusha ile kahawa kikombeni, akainama, akaimwaga chini ya nguzo ya simu. Midomo yake ilitikisika kidogo. Kondo aliiona ile midomo.

REDIO: Hee! Umeimwaga yote?

MZEE KAUNTA: Ndiyo utaratibu wake.

AZIMIO: Hapo sasa! Hapo ndipo ninapowaambia kila siku hapa, mnaniona mwendawazimu. Mkulima kule anapalilia zabibu, anachuma, analoweka mitishamba, meli inavuka bahari, kisha kupe mmoja anaimwaga! Ndiyo maana wahenga wakasema, haba na haba hujaza kibaba.

KONDO: Methali hiyo ni ya kuweka, Azimio. Si ya kumwaga.

AZIMIO: Ndiyo hiyo hiyo. Wanamwaga haba na haba, kibaba kinajaa chini ya ardhi.

REDIO: Na kweli kimejaa. Ninyi mnadhani Mzungu anamwaga ovyo? Anatia alama! Ile ardhi ya klabu imenyweshwa divai miaka na miaka ili siku wakirudi mbwa wao wainuse. Mbwa atashuka stesheni, atapita moja kwa moja mpaka kwenye ghala la mbolea, atakaa.

AZIMIO: Kumbe! Ndiyo maana mbolea ya ghala lile haizalishi. Imelewa!

KONDO: Mbolea ilewe?

AZIMIO: Mahindi yaliyotiwa mbolea ile mliyaona mwaka huu? Yote yameinama.

KONDO: Yameinama kwa jua.

AZIMIO: Jua gani hilo linaloinamisha mahindi yote upande wa klabu?

Redio alicheka mpaka akaegemea redio yake, nayo ikakoroma. Mzee Kaunta naye akacheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi, akaona raha, na huku anaona raha aliona jua limeshaegemea milima ya Ukaguru. Muda unakwenda, na jambo lake bado liko kwapani.

REDIO: Wanatia na tunda ndani, nimesikia.

MZEE KAUNTA: Zeituni. Moja tu.

REDIO: Zeituni! Njiwa wa Nuhu alirudi na jani la nini? La zeituni! Maana yake maji yamepungua, tushukeni. Basi Mzungu akilitia kwenye glasi, maji yanapungua kwa sababu anayanywa, akilifikia lile tunda anajua amefika nchi kavu. Kinywaji hicho ni cha mabaharia, mimi nawaambia. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

KONDO: Na hiyo methali imeingiaje?

REDIO: Imeingia na meli.

MZEE KAUNTA: Mnakosea wote.

Aliisema kwa sauti ndogo, lakini wote wakamgeukia, maana Mzee Kaunta si mtu wa kumkatiza mtu.

MZEE KAUNTA: Ile ni tambiko.

AZIMIO: Mzungu atambike?

MZEE KAUNTA: Ndivyo nilivyojua mimi. Kwetu milimani mtu mzima hanywi pombe kabla hajawamwagia wa chini. Wamisheni walitukataza, tukawaitikia ndiyo bwana, tukarudi nyumbani tukamwaga. Basi nilipoanza kazi klabu, kulikuwa na bwana mmoja wa shamba la mkonge tuliyemwita Bwana Kimya. Mkewe alikufa wakiwa melini, wakamzika baharini. Kila jioni anakuja peke yake, anakaa peke yake, matini moja. Yeye ndiye aliyenifundisha. Aliposema, Melki, tia divai, zungusha, mwaga, mimi nilielewa mara moja. Nikasema moyoni, kumbe na hawa ni watu.

KONDO: Ukaimwaga wapi?

MZEE KAUNTA: Wenzangu walikuwa wanamwaga kwenye karo. Marehemu hapokei kwenye karo, jamani. Mimi nilitoka mpaka chini ya ngazi, palipo na udongo, nikamwaga nikasema, bibi, pokea. Kila jioni. Siku moja akanifuata nje. Akaniuliza, Melki, unasema na nani? Nikamwambia, na mkeo, bwana.

REDIO: Akakufukuza kazi!

MZEE KAUNTA: Aliutazama ule udongo uliolowa. Nikajua leo nimepatikana. Halafu akaniambia, jina lake Edna. Mtaje kwa jina.

Kondo alijaza vikombe bila kuombwa, na birika lilikuwa jepesi mkononi mwake.

Mzee akaendelea. Klabu ilipofungwa Bwana Kimya alikuja kuaga, akamkabidhi chupa nzima ya ile divai, akaondoka kwa treni. Mzee akasema kazi ninayo mikononi, nitakufaje njaa? Akaenda Mikumi, barabara kuu, ambako hoteli moja ya watalii ilikuwa inatafuta mtu wa kaunta. Akapewa mtihani: mgeni yule pale, mtengenezee matini. Akakoroga vizuri, chombo kikatoa jasho. Akatia divai, akazungusha, akafungua mlango wa nje, akamgeukia mgeni kwa heshima zote na kumuuliza: bwana, nimtaje nani?

REDIO: Mama yangu wee!

MZEE KAUNTA: Mgeni akashangaa. Meneja akanivuta pembeni. Akaniambia, mzee, divai inamwagwa kwa sababu ya ladha tu. Wapo watu wanaopenda harufu yake, hawapendi utamu wake. Hakuna marehemu hapo. Akawasimulia na wapishi. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

AZIMIO: Kazi ukakosa.

MZEE KAUNTA: Kazi nikakosa. Nikarudi juu ya lori la vitunguu, na njia nzima najiuliza neno moja: miaka yote ile, Bwana Kimya alikuwa ananicheka?

REDIO: Kwa kweli, mzee, samahani, lakini alikuwa anakucheka.

MZEE KAUNTA: Nilidhani hivyo. Mpaka nikakumbuka kitu. Kila nilipomtaja Edna pale chini ya ngazi, nikigeuka namwona dirishani. Alikuwa amesimama. Mtu anayecheka hasimami, Yeremia. Alisimama mpaka nimalize, ndipo akae anywe.

Basi akaiweka ile chupa juu ya taruma, akaifungua khanga. Divai ilikuwa imebaki kidogo tu kitakoni, nyeusi, imeshachacha kuwa siki. Akawaambia yote, sasa hakuzunguka tena. Kwamba Generoza alipokufa yeye hakuwa na uwezo wa kupika pombe ya tambiko, wala hakuwa na ndugu wa kukaa naye kuinywa, basi alichukua chupa hii. Kila Jumapili jioni kizibo kimoja, kaburini, na jina. Kwamba nyumba imekuwa kubwa mno tangu afe, na kizibo kile ndiyo safari pekee aliyonayo kwa wiki. Kwamba kesho lori linamchukua, na Tindiga si mahali pa kwenda na kurudi kwa miguu yake hii.

MZEE KAUNTA: Nilikuwa naomba mmoja wenu. Ni kizibo tu. Na jina.

Redio akajishughulisha na kitufe cha redio.

REDIO: Mzee, mimi unanijua. Jumapili jioni ndiyo mpira. Nikikuahidi nitakudanganya.

AZIMIO: Mimi ningependa, Mungu shahidi. Lakini mimi ni balozi. Nikionekana makaburini na chupa ya kibepari, kesho nitaitwa nijieleze. Ila kijijini, mzee, kuna maendeleo. Kuna shule, kuna zahanati, kuna…

Akaona hakuna anayemsikiliza, akaacha. Mzee akaanza kuifunga chupa tena ndani ya khanga. Aliifunga polepole, fundo la kwanza, la pili, na uso wake ulikuwa mkavu. Alikuwa ameshajua tangu nyumbani kwamba wangekataa. Alichokuwa hajajua ni kwamba ingemuuma hivi.

Wakati huo akaja kijana mrefu mwenye ovaroli yenye mafuta, funguo mkononi.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, wakaitikia, hata Redio ambaye hakuwa mzee.

— Mimi Lupakisyo, dereva wa lori la kesho. Nimeambiwa nijue mapema nyumba ya Mzee Melkizedek, nisije nikapotea alfajiri.

MZEE KAUNTA: Ndiye mimi, mwanangu. Nyumba ni ile yenye mlango wa bluu. Sina mzigo mwingi. Keti unywe kahawa.

Lupakisyo akaketi. Kondo akammiminia, na katika kummiminia akamweleza kwa kifupi benchi linashughulika na nini, maana Kondo hawezi kumuacha mtu gizani. Alipomaliza akamgeukia mzee.

KONDO: Mzee Kaunta, mbona mimi hujaniomba?

MZEE KAUNTA: Wewe ni Mwislamu, Kondo. Nitakuombaje ushike divai?

KONDO: Divai siigusi, na hiyo chupa usiniachie hata ndani ya gunia. Lakini mimi njia yangu ya kwenda nyumbani inapita makaburini kila siku ya Mungu. Na kila jioni nina machicha ya kahawa ya kumwaga. Nguzo hii ya simu si ndugu yangu. Nitayamwaga kule.

MZEE KAUNTA: Machicha?

KONDO: Ni halali. Na nitamtaja. Generoza binti nani?

MZEE KAUNTA: Binti Makarius.

KONDO: Generoza binti Makarius. Alikuwa anapenda kahawa?

MZEE KAUNTA: Hapana. Alikuwa anasema ni chungu.

KONDO: Basi atazoea.

Redio akacheka, Azimio akacheka, na Mzee Kaunta akacheka huku akijifuta macho kwa ncha ya khanga. Akamshika Kondo mkono kwa mikono yake miwili, akatikisa, akatikisa. Mzigo ulikuwa umetua. Alidhani baada ya hapo angesikia wepesi.

Lupakisyo alikuwa hajacheka. Kijana wa Rungwe, kwao marehemu hawafanyiwi mzaha. Alikuwa ameshika kikombe anawaza.

— Mzee, samahani, akasema. Mama huyu amepata mtu. Sasa wewe mwenyewe, huko Tindiga, siku ikifika, atakayekumwagia ni nani?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza namna mtu anavyouliza mzigo ni wa wapi kabla hajaupakia.

Redio akazungusha kitufe, redio ikatoa mluzi, akaizima. Kondo akachukua birika amwongezee mgeni, akaliinamisha, likatoa tone moja na machicha. Akalitikisa. Kahawa ilikuwa imekwisha.

AZIMIO: Watu watakuwepo. Kijiji ni watu wengi.

LUPAKISYO: Wengi, ndiyo. Nimewapeleka mimi. Lakini hawajuani bado.

Mzee Kaunta alitazama kikombe chake. Katika kuzungumza kote kule hakuwa amekimaliza. Kahawa ilikuwa imepoa, imejaa karibu nusu. Akakishika kikombe chini kabisa, mguuni, ingawa kikombe cha kahawa hakina mguu. Akakizungusha taratibu ili kahawa ilowanishe kuta zote. Kisha akainama, si kuelekea kwenye nguzo, bali katikati ya miguu yake mwenyewe, akamwaga. Midomo yake ikatikisika.

KONDO: Hiyo umemmwagia nani, mzee? Generoza si nimeshamchukua?

MZEE KAUNTA: Melkizedek.

KONDO: Astaghafirullah! Mtu aliye hai hajimwagii, mzee. Ni kujiitia kifo!

MZEE KAUNTA: Najua.

Akasimama, akaipachika chupa kwapani, akakirudisha kikombe kwenye sinia la Kondo kikiwa kimepinduliwa, kama walivyokuwa wakirudisha glasi klabu saa ya kufunga.

MZEE KAUNTA: Nimejitangulizia moja tu, Kondo. Huko wasipopatikana wa kunimwagia.

Akaaga, akaelekea nyumbani kwenye mlango wa bluu. Na pale benchini, bila kuambiana, Redio akainuka kwanza, kisha Azimio, kisha Kondo na birika lake tupu, na yule dereva mgeni naye akainuka. Wakasimama wima mpaka mzee alipoingia ndani na kuufunga mlango. Yeye hakugeuka, kwa hiyo hakuwaona.